Kabla ya Kutoa Fedha ya Nyumba

Zamani mtu aliyetoka mjini Unguja kwenda Bububu alihesabiwa kuwa amekwenda shamba. Leo mji wenyewe umeifuata Bububu mpaka umeifikia. Hesabu ya watu ya mwaka 2012 ilipata watu 1,303,569 katika Zanzibar nzima. Ile ya mwaka 2022 ikapata 1,889,773. Wote hao wahitaji pa kulala, na vijana wengi wanaooa huanza maisha yao katika nyumba ya kupanga. Kwa hivyo twaona ni wajibu wetu kusema nao juu ya jambo moja: fedha itolewayo kabla ya kuukabidhiwa ufunguo.

Fedha hiyo si haba. Tuchukue mfano wa nyumba ya shilingi 150,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba ataka kodi ya miezi sita kwa mara moja, nayo ni 900,000. Ataka na dhamana ya mwezi mmoja, na dalali naye ataka ujira wa mwezi mmoja. Jumla ni shilingi 1,200,000. Kwa kijana wa mshahara mdogo hayo ni malimbikizo ya miaka, na pengine ndani yake imo bangili ya mkewe iliyouzwa. Ikipotea siku moja, hupotea pamoja nayo amani ya nyumba ambayo bado haijaanza.

Na mara nyingi sababu ya kupotea si wizi, bali ni fedha kutolewa bila ya kutajwa jina lake. Mpangaji asema, "Nimempa laki tatu," lakini ukimwuliza ni laki tatu za nini, hajui. Basi na ajue ya kuwa fedha hizi ni namna mbalimbali, na kila moja ina hukumu yake.

Kodi ya mbele ni malipo ya kukaa. Kila mwezi ukipita, sehemu yake imekwisha. Dhamana si malipo ya kukaa. Ni fedha ya mpangaji iliyo mikononi mwa mwenye nyumba, nayo hurudi mpangaji akihama, baada ya kutolewa gharama ya alichokiharibu. Kilemba ni fedha ya kupewa nafasi tu, nayo kwa desturi hairudi. Arubuni ni fedha ya kuizuia nyumba asipewe mwingine mpaka mapatano yatimie.

Juu ya arubuni wanazuoni wamekhitalifiana. Madhehebu ya Shafi, yafuatwayo na wengi visiwani kwetu, pamoja na ya Hanafi na Maliki, hayakukubali sharti ya kuwa mnunuzi akighairi arubuni yake ipotee. Imam Ahmad bin Hanbal aliikubali, akitegemea khabari ya Nafi' bin Abdul-Harith, aliyemnunulia Sayyidna Umar nyumba ya Safwan bin Umayya huko Makka. Mwaka 1993 Baraza la Fiqhi la Kiislamu, lililokutana Brunei, liliijuzisha, katika kuuza na katika kukodisha, maadamu muda wa kungoja umewekwa. Basi atoaye arubuni na aulize mbele ya mashahidi: nangojewa mpaka siku gani? Nikighairi, yarudi au hairudi? Ukighairi wewe, wanirudishia lini? Tukikubaliana, yahesabiwa katika kodi?

Jambo la pili ni kumjua mwenye nyumba. Huko Bububu ziko nyumba ambazo wenyewe wako Maskati au Uingereza, nazo zimeachwa kwa mtunzaji. Huyo na aonyeshe uwakala wake kwa maandishi, na mwenyewe asikike kwa simu akiukubali. Ziko nyumba za urithi, ambazo ndugu mmoja huzikodisha ilhali wenziwe hawana khabari. Kesho hao huja wakasema hawakupokea kitu. Hapo takeni ridhaa ya warithi wote. Ziko za wakfu, na khabari zake huulizwa Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Na wako wapangaji wanaojifanya wenye nyumba, wakapokea fedha za watu watatu kwa ufunguo mmoja.

Dawa ya yote hayo ni kuuliza. Waulizeni majirani wa kulia na kushoto, na mwende kwa Sheha, ambaye ndiye awajuaye watu wa shehia yake. Nyumba muione kwa ndani, na mchana. Anayewaharakisha mlipe leo kwa kuwa yuko mtu mwingine anayeitaka, huyo ndiye wa kungojwa mpaka kesho. Na dalali ni mjumbe tu: mpeni ujira wake baada ya mapatano kutimia, lakini kodi na dhamana zitieni mkononi mwa mwenye nyumba, au mzipeleke kwa benki au simu kwa jina lake, ili ushahidi ubaki.

La tatu ni kuandikiana. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu, aya ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana madeni na kuweka mashahidi. Andikeni majina kama yalivyo katika vitambulisho, kila fedha kwa jina lake na kiasi chake kwa tarakimu na kwa maneno, siku ya kuingia na ya kutoka, na siku ya kurudishwa dhamana. Andikeni na hali ya nyumba: vioo, mabomba, milango, na mita ya umeme, isije ikawa ina deni la aliyetangulia.

Twajua vijana huona haya kumwomba mtu mzima maandishi, wakadhani ni kumtuhumu. Sivyo. Semeni kwa adabu, "Mzee wetu, tuandikiane, ili akifa mmoja wetu watoto wasigombane." Mwenye nia njema hatachukia.

Nanyi wenye nyumba, kumbukeni ya kuwa dhamana si pato lenu. Wafasiri wameeleza kuwa aya ya kurudisha amana, katika Suratun Nisaa, ilishuka kwa ajili ya ufunguo wa Al-Kaaba, siku ya kufunguliwa Makka, nao ufunguo ukarudishwa kwa Uthman bin Talha. Mpangaji akiwarudishia ufunguo wenu, basi mrudishieni naye kilicho chake siku ile ile, wala msimkate kwa rangi iliyofifia kwa jua na mvua.

Mwenyezi Mungu azitie baraka nyumba zetu, za kumiliki na za kupanga. Amin.