Kukata mkia na masikio ya mbwa: kazi inadai, ao ni urembo wa mwenye mbwa?

Mwezi wa sita mwaka 2017, wabunge wa Scotland walirudilia jambo ambalo wengi walidhani limekwisha. Tangu mwaka 2007, nchi hiyo ilikuwa imekataza kabisa kukata mkia wa mbwa, isipokuwa kama ugonjwa ao jeraha linalazimisha. Miaka kumi baadaye wakafungua mlango mdogo: mbwa wa uwindaji wa aina ya spaniel, pamoja na wale wanaofundishwa kuonyesha ndege alipojificha na kumleta akishauawa, wanaweza tena kukatwa. Masharti yakawekwa. Anayekata ni daktari wa wanyama peke yake, mtoto wa mbwa awe hajapita siku 5, na asipoteze zaidi ya theluthi moja ya mkia.

Chama cha madaktari wa wanyama wa Uingereza kilipinga. Wawindaji walishangilia. Pande zote mbili zilikuwa zinasema jambo moja: tunamtetea mbwa.

Wawindaji hawakuja mikono mitupu. Uchunguzi uliofanywa kwa wenye mbwa wa kazi huko Scotland, juu ya msimu mmoja wa uwindaji wa 2010 na 2011, ulionyesha kwamba kati ya spaniel wenye mkia mzima, asilimia 56.6 walipata jeraha la mkia angalau mara moja. Mbwa huyu anaingia ndani ya miiba na vichaka vikavu huku mkia unapiga kushoto na kulia bila kupumzika. Ncha inachubuka, damu inatoka, kidonda kinakataa kupona kwa sababu mbwa haachi kuutikisa. Mara nyingine daktari anaishia kuukata mkia wa mbwa mkubwa, na hapo maumivu na hatari ni nyingi kuliko za mtoto wa siku tatu. Watafiti hao walihesabu kwamba ili kuzuia jeraha moja katika msimu, ingelazimu kukata mikia ya mbwa wa kazi kati ya 2 na 18.

Lakini kuna hesabu nyingine. Mwaka 2010, utafiti uliochapishwa Uingereza ulipitia mafaili ya mbwa 138,212 waliopita kwenye vituo vya matibabu. Waliokuwa na jeraha la mkia ni 281 tu. Kwa mbwa wote kwa jumla, watafiti walikadiria kwamba ingefaa kukata mikia 500 hivi ili kuokoa mmoja. Tena sehemu kubwa ya majeraha hayo haikutoka porini: mbwa alikuwa nyumbani, anafurahia mtu, akagonga mkia kwenye ukuta.

Namba hizi mbili hazigombani. Ya kwanza inahesabu mbwa wanaofanya kazi ngumu, ya pili inahesabu mbwa wote. Shida ni kwamba kwa siku ya tano ya maisha, macho ya mtoto wa mbwa hayajafunguka bado, na hakuna anayeweza kuapa kwamba huyu atakuwa mwindaji na yule atalala kwenye zulia la watoto. Katika mimba moja wanazaliwa sita, saba; wawili wanakwenda kazini, wengine wanauzwa kwa familia za mjini. Mkia umekwisha kuondoka kwa wote.

Mtoto wa mbwa anasikia nini?

Kwa muda mrefu wafugaji walisema mtoto wa siku chache hasikii uchungu kwa sababu mishipa yake haijakomaa. Ndiyo maana kazi hiyo ilifanywa, na pengine bado inafanywa, bila dawa ya ganzi: mkasi, ao kamba ya mpira inayofungwa kwa nguvu mpaka damu isipite na mkia ukauke wenyewe. Mwaka 1996, watafiti wa Australia walikaa na kutazama watoto wa mbwa 50 wanapokatwa mikia. Wote walilia na kujinyonganyonga. Kwa wastani kila mmoja alipiga kelele kali mara 24. Wanaotetea ukataji wanapenda kukumbusha kwamba ndani ya dakika chache watoto hao walitulia. Ni kweli, walitulia. Lakini mtoto mchanga wa mtu pia hutulia akiisha chomwa sindano, na hakuna mama anayesema kwamba hakuumia.

Kuna pia habari ya baadaye. Mshipa wa fahamu uliokatwa unaweza kuota uvimbe mdogo kwenye ncha, na uvimbe huo ukaendelea kuuma. Haimpati kila mbwa, lakini anayepatwa hawezi kueleza.

Desturi yenyewe ni ya zamani sana. Columella, mwandishi Mroma wa mambo ya kilimo katika karne ya kwanza, alishauri mkia wa mtoto wa mbwa ukatwe akifikisha siku 40, kwa imani kwamba hiyo inamkinga na kichaa cha mbwa. Leo kila mtu anajua kwamba kinga ni chanjo. Sababu ya zamani ilikufa, mkasi ukabaki, na kila kizazi kikaupatia sababu mpya.

Masikio ni kesi nyepesi zaidi

Kwa mkia, mtu anaweza angalau kubishana juu ya kazi. Kwa masikio, ubishi unakwisha haraka. Dobermann, boksa na dogi wa Ujerumani wanazaliwa na masikio yanayolala. Ili yasimame, mbwa wa wiki saba mpaka kumi na mbili hivi analazwa na dawa ya usingizi, sehemu ya sikio inakatwa, kisha kilichobaki kinafungwa na sparadra na kushikizwa wima kwa wiki nyingi, pengine miezi, mpaka kizoee. Na hata hivyo mara nyingine sikio moja linaanguka. Zamani za mapigano ya mbwa, sikio refu lilikuwa mahali pa adui kung'ata. Mbwa wa leo anayelinda nyumba hapigani na mbwa mwenzake. Anayekatisha masikio anatafuta sura ya ukali.

Wafugaji wengine husema kwamba sikio lililosimama halipati ugonjwa. Madaktari wanajibu kwamba aina zinazosumbuliwa sana na masikio, kama spaniel, ndizo ambazo hakuna aliyewahi kuzikata. Jibu hilo lingetosha kufunga mazungumzo, kama mazungumzo yangekuwa kweli juu ya afya.

Mkataba wa Ulaya wa kulinda wanyama wa nyumbani, uliofanywa Strasbourg mwaka 1987, unakataza kwa mstari mmoja kukata mkia, kukata masikio, kuondoa sauti, kucha na meno bila sababu ya matibabu. Lakini uliruhusu nchi kuweka kando sehemu ya mkia. Ufaransa ilifanya hivyo: huko masikio ni marufuku, mkia unaruhusiwa. Ubelgiji ulikataza vyote viwili. Ujerumani, kwao Dobermann, ulikataza masikio tangu 1987 na mkia tangu 1998, ukiacha nafasi kwa mbwa wa uwindaji. Shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa, ambalo makao yake ni Thuin nchini Ubelgiji, sasa linaandika katika vipimo vyake kwamba Dobermann aachwe na masikio na mkia wa kuzaliwa. Marekani ni kinyume: chama kikubwa cha wafugaji kinaendelea kutetea ukataji, wakati chama cha madaktari wa wanyama kinaupinga tangu 2008 kama unafanywa kwa ajili ya sura tu.

Na sheria peke yake haitoshi. Uingereza, watu walianza kuwafukuza mbwa waliokatwa masikio kwenye mashindano tangu miaka ya 1890. Hata hivyo RSPCA, shirika la kutetea wanyama, lilipokea ripoti 14 za masikio kukatwa mwaka 2015, na 101 mwaka 2020. Mitandao ilikuwa imejaa picha za watu maarufu na mbwa wenye masikio kama pembe. Kukata ilikuwa kosa, lakini kuingiza nchini mbwa aliyekatwa ng'ambo halikuwa kosa, na wauzaji walijua njia hiyo vizuri.

Kile ambacho mbwa anasema na mkia

Mwaka 2007, watafiti wa Italia waliona kwamba mbwa akimwona mwenye kumfuga, mkia unaegemea zaidi upande wa kuume. Akiona mbwa mgeni mwenye kutisha, unaegemea kushoto. Mwaka uliofuata, wengine huko Kanada walitumia mbwa wa bandia, wakambadilishia mkia mrefu na mfupi. Mkia mrefu ukitikiswa, mbwa wakubwa walikaribia bila wasiwasi. Ukikaa wima bila kutikisika, walisita. Mkia ukiwa mfupi, hawakuonyesha tofauti, kama vile ujumbe haukusomeka. Yule aliyekatwa anaweza basi kukutana na mwenzake njiani na kushindwa kuonyesha kwamba hana ubaya.

Bruce Cattanach, mtaalamu wa urithi wa Uingereza na mfugaji wa boksa, alitafuta njia bila mkasi. Miaka ya 1990 alichanganya boksa wake na corgi wenye mkia mfupi wa kuzaliwa, na baada ya vizazi vichache akapata boksa wa kawaida kwa sura, mkia mfupi toka tumboni. Lakini mtoto anayerithi jambo hilo kwa baba na kwa mama pamoja hufa kabla ya kuzaliwa. Hata hapo mkia mfupi una bei yake.

Kwetu Kongo, mbwa anayejulikana zaidi duniani kwa jina la nchi hii ni basenji, yule asiyebweka kama wengine. Masikio yake yamesimama na mkia wake umejikunja juu ya mgongo, vyote kwa kuzaliwa. Nao mbwa wa Saint-Hubert, ambao Hifadhi ya Virunga ilianza kuwafundisha mwaka 2011 huko Rumangabo kufuata harufu za majangili, wana masikio marefu kupita yote, yanayoning'inia mpaka chini ya taya. Wanaingia nayo porini pamoja na mkia mzima.