Goti linauma, mgonjwa ni nyonga

Kwenye ghala la chama cha msingi, Masasi au Newala, hakuna anayepanga ubora wa korosho kwa kutazama ganda tu. Sampuli huchotwa, korosho zikapasuliwa moja moja, ndipo kiini kijulikane: cheupe, chenye madoa, au kimeoza ndani ya ganda lisilo na kasoro. Mfupa wa mtoto mwenye lupasi unaweza kuharibika vivyo hivyo, na eksirei huona ganda tu.

Lupasi ni ugonjwa ambao kinga ya mwili humgeukia mwenye mwili: ngozi, viungo, damu na, kwa watoto, mara nyingi figo. Figo zikiguswa, daktari huanza prednisoloni kwa dozi kubwa, na dawa hiyo huokoa maisha. Lakini hudai chake. Chembe za mafuta ndani ya uboho hunenepa, damu huganda kwa urahisi, na vijishipa vinavyolisha kichwa cha mfupa wa paja hubanwa. Lupasi yenyewe nayo huchangia. Kipande cha mfupa hukosa damu, kikafa, na bado umbo lake likabaki vilevile kwa miezi mingi, hadi uzito wa mwili ukibonyeze.

Katika miezi hiyo eksirei hutoka safi, na mama huambiwa mtoto hana kitu.

Kinachoona kiini mapema ni kipimo cha MRI, ambacho hakina mionzi kama ya eksirei. Ni sumaku kubwa inayopokea ishara za haidrojeni iliyomo kwenye maji na mafuta, na uboho umejaa vyote viwili. Palipokufa, picha huonyesha mstari mweusi uliopindapinda kukizunguka kipande hicho, kama mpaka wa shamba uliopimwa na mlevi. Mtoto huvuliwa hereni na chochote cha chuma, akalala bila kutikisika nusu saa au zaidi ndani ya bomba linalogongagonga. Wadogo hupewa dawa ya usingizi.

Apimwe lini? Watafiti wa Chiba, Japani, waliwafuatilia wagonjwa wa lupasi kwa MRI tangu wanapoanza dozi kubwa. Mwaka 2001 walieleza kwamba uharibifu ulijitokeza baada ya wastani wa miezi 3 tu. Mwaka 2010 wakaja na suala la umri: kwa walio chini ya miaka 15, viungo vilivyoathirika vilikuwa 6 katika kila 100, kwa wa miaka 15 hadi 20, karibu nusu. Kwa hiyo mtoto wa miaka 8 asiye na maumivu ningemwacha kwanza. Binti wa miaka 15 ningempigania nafasi ya kipimo kati ya mwezi wa tatu na wa sita, hata kama hachechemei.

Kupigania ndilo neno. Kutoka Masasi hadi kwenye MRI ya Taasisi ya Mifupa Muhimbili ni zaidi ya kilomita 500. Kabla ya nauli kuna kipimo cha bure, kinachofanyika hospitali ya Mkomaindo, ya Ndanda au zahanati yoyote. Mtoto alale chali, akunje nyonga na goti, kisha unyayo wake usogezwe taratibu kuelekea nje. Akikunja uso na kushika kinena, nyonga ina tatizo, hata kama amekuja akilalamikia goti. Maumivu ya nyonga hupenda kushukia gotini, na wengi wetu tumeshapiga picha ya goti lisilo na hatia. Akiwa na homa pia, asisubiri: huenda ni usaha ndani ya kiungo. Selimundu nayo huua kichwa hichohicho cha mfupa, na watoto wake ni wengi kuliko wa lupasi.

MRI ikionyesha uharibifu, si kila kipande hubonyea. Vidogo vingi hutulia. Mzigo ndio hupunguzwa. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20 kichwani, na njia za kuchotea maji za Newala zina miteremko, basi ndoo ihamie kwa mwingine, na magongo yatumike daktari akiyaagiza. Prednisoloni isikatishwe ghafla nyumbani: tezi za mwili zilizozoea kusaidiwa haziamki siku moja, na mtoto anaweza kuzimia na hata kufa. Daktari ndiye huishusha, kidogo kidogo.

Anayesafiri abebe karatasi moja: tarehe dawa ilipoanza, dozi kubwa kabisa aliyofikia, uzito wa mtoto, na nyonga ipi ilianza kuuma.