Kuiuliza Serikali kwa Barua

Wachuuzi wengi wa chisense katika soko la Kashikishi, hapa wilayani Nchelenge, wana simu mkononi, na baadhi yao huzungumza kila siku na wenzao wa ng'ambo ya ziwa, Pweto na Kilwa ya Kongo. Kila laini imeandikishwa kwa jina la mwenyewe. Basi si ajabu mmoja akiuliza: Je, yuko mtu wa serikali anayetusikiliza? Jibu apatalo sokoni ni uvumi. Lakini iko njia ya kuiuliza serikali yenyewe.

Zambia ilingoja sana. Muswada wa haki ya kupata habari ulifika Bungeni mwaka 2002, ukaondolewa. Sheria ilitiwa sahihi na Rais Hichilema mwezi wa Desemba 2023, na Tume ya Haki za Binadamu ikapewa kazi ya kuisimamia.

Sheria hiyo ina mlango uliofungwa, maana habari za usalama wa taifa zaweza kukataliwa. Ukiandika, "Je, mwasikiliza simu yangu?" usitumaini jibu. Wala si kosa tupu; polisi amfuataye mwizi hawezi kumwarifu kwanza. Afadhali kuuliza hesabu na kanuni.

Tazama jambo la Afrika Kusini. Mwaka 2017 chama kiitwacho Right2Know kiliyaandikia makampuni makubwa manne ya simu, kwa kuwa sheria yao huyagusa hata makampuni ya watu binafsi. Hakikuuliza ni nani anayefuatwa. Kiliuliza ni nambari ngapi ambazo kumbukumbu zake, yaani nani alimpigia nani na saa ngapi, zilikabidhiwa serikalini. Majibu yalionyesha kwa uchache nambari 70,000 kila mwaka! Tena nyingi mno hazikupitia kwa jaji maalum aliyewekwa kuangalia kazi ya kunasa simu. Zilitolewa kwa amri za mahakimu wa kawaida, kwa sheria nyingine. Watu walikuwa wakilinda mlango wa mbele, kumbe njia kubwa ni ya uani.

Kwetu, Sheria ya Usalama wa Mitandao ya 2021 iliunda kituo kimoja cha kuunganisha kazi ya kunasa mawasiliano, na mwaka 2025 sheria mbili mpya zikashika nafasi yake. Haya yote twaweza kuyaulizia bila kugusa siri ya mtu: Mwaka uliopita ziliombwa amri ngapi za mahakama? Ngapi zilikataliwa? Maneno yaliyonaswa huwekwa muda gani, na nani huyafuta?

Andika jambo moja katika barua moja, taja tarehe za mwanzo na mwisho, uweke nakala iliyogongwa muhuri. Lusaka itataka Kiingereza. (Wakenya wana bahati: sheria yao ya 2016 yaruhusu Kiswahili, na ofisi yapaswa kujibu katika siku 21.) Ukikataliwa, usirudi nyumbani na maneno ya mdomo. Omba sababu kwa maandishi, pamoja na kifungu cha sheria walichokitumia, kwa maana hiyo ndiyo karatasi utakayoipeleka mbele ya Tume.