Kungoja Kaskazi

  Leo nataka tuongee juu ya kungoja, na nitaanza na jambo ambalo kila mtu wa pwani analijua, nalo ni upepo.

Ukishuka kwenye Bandari ya Kale mwezi wa Julai, huko nyuma ya Ngome ya Yesu, utaona mambo yamepoa. Mbingu ni za kijivu. Mvua huja ghafla, ikaondoka, ikarudi tena. Mashua nyingi zimevutwa pwani. Nje ya mwamba bahari inanguruma, na mawimbi yake yanaonekana meupe toka mbali. Ndani ya vichochoro vya Mji wa Kale nguo zilizofuliwa asubuhi hazijakauka jioni. Wazee wameketi barazani wamejifunika, wanasema, “Kipupwe hiki!” Hayo ndiyo majira ya kusi.

Ndugu zetu walioko Ulaya watatucheka. Kule London mwezi wa Desemba jua hutua kabla ya saa kumi jioni, na miti husimama mitupu kama imekufa. Watu hukaa miezi mingi wakitazama dirishani, wakingoja majira ya kuchipua. Sisi Mombasa hata Julai joto la mchana hukaribia nyuzi 27, kwa hiyo hatuwezi kusema tunaijua theluji. Lakini kungoja tunakujua. Mimi nilipokuwa mwanafunzi wa theolojia kule Limuru nilikuona kwa namna nyingine. Julai ilipofika, ukungu ulikaa juu ya mashamba ya chai siku baada ya siku, na mimi mtoto wa pwani nilitetemeka darasani nikidhani jua limetuhama. Baadaye nikafahamu kwamba baridi ile na kusi yetu ni ndugu. Hewa ile ile itokayo kusini-mashariki ikivuka pwani hupanda milimani, na ikipanda hupoa, ikafanya mawingu mazito juu ya bara.

Basi upepo huu huletwa na nini? Tazama jikoni. Moto ukiwaka, hewa ya moto hupanda juu, na hewa baridi huingia chini ya mlango kushika nafasi yake. Ndivyo ilivyo duniani. Mwezi wa Juni jua huwa upande wa kaskazi, na nchi kavu za Arabuni, India na Asia hupata joto jingi. Hewa yake hupanda, na hewa ya baridi kutoka bahari za kusini hukimbilia huko, ikipita kwetu. Hiyo ndiyo kusi, nayo hutawala tangu Aprili mpaka Septemba hivi. Mwezi wa Desemba mambo hugeuka. Jua liko kusini, Asia imepoa, na hewa kavu huteremka kutoka huko kuja kwetu. Hiyo ndiyo kaskazi, ambayo huvuma mpaka Machi. Katikati ya pepo hizi mbili kuna siku za maleleji, ambapo upepo haujui uende wapi.

Kwa ajili ya pepo hizi bandari yetu ilijengeka. Kwa karne nyingi majahazi ya Arabuni, ya Ghuba na ya India yalikuja na kaskazi, yakileta tende, samaki wa chumvi na mazulia. Yaliuza, yakanunua boriti za mikoko, kisha yakangoja kusi iyarudishe kwao. Hata neno “msimu” tulilipata kwa Waarabu, na Wazungu nao waliuita upepo huu kwa neno la shina hilo hilo. Siku hizi majahazi ya ng'ambo ni machache sana, maana meli kubwa za Kilindini haziombi ruhusa kwa upepo. Lakini mvuvi wa mashua ndogo bado yuko chini ya amri ile ile ya zamani.

Asiyetii amri hiyo huona. Vasco da Gama alifika Mombasa mwezi wa Aprili 1498, kisha akaenda Malindi, akapata mwongozaji wa njia. Tarehe 24 Aprili akatweka matanga, wakati kusi inaanza. Kwa siku 23 hivi akaiona pwani ya India. Lakini wakati wa kurudi hakungoja. Aliondoka India mapema Oktoba, kabla kaskazi haijashika, na safari ile ile ikamchukua karibu miezi mitatu. Mabaharia wake wengi walikufa kwa kiseyeye. Alipofika pwani yetu Januari 1499 watu waliobaki hawakutosha kuendesha merikebu zote, ikambidi aichome moto moja, iliyoitwa São Rafael. Bahari ilikuwa ile ile na nahodha yule yule, lakini majira hayakuwa yake.

Sasa, wapendwa, ningeweza kukomea hapa na kuwaambia, “Mwaona? Subira yavuta heri.” Miaka michache iliyopita ndivyo nilivyofanya, na nataka niwaeleze yaliyotokea.

Ilikuwa Julai. Mzee mmoja mvuvi, mshiriki wa kanisa letu, alikuja nyumbani kwangu jioni. Nikampa shikamoo, tukaketi. Akaniambia ya kwamba tangu Mei hajapata samaki wa maana, na mwanawe anadaiwa karo. Nikamsikiliza, nikamwambia kwamba majira yako mikononi mwa Mungu na kaskazi itakuja. Tukaomba pamoja. Nikamsindikiza mpaka mlangoni nikirudia ile methali, naye akaitikia, “Ni kweli, Kasisi.” Sikumwuliza usiku ule nyumbani kwake wanakula nini.

Siku ya tatu alfajiri alitoka na mwanawe, wakapita mlango wa mwamba. Upepo ukawazidi, tanga likapasuka, na mashua ikapinduka. Walishikilia mkuku karibu saa mbili mpaka wenzao wakawaona. Mungu aliwaokoa wote wawili. Mashua na nyavu vilipotea.

Nilipokwenda kumpa pole alikuwa amelala kitandani, mikono imechubuka. Akanitazama kwa upole, akasema, “Kasisi mwanangu, kungoja nakujua kuliko wewe. Nimeingoja kaskazi tangu utotoni. Lakini tumbo halijui majira.”

Wasikilizaji wangu, sikuwa na jibu. Mimi mshahara wangu huja Julai kama ujavyo Januari. Nilimhubiria subira mtu ambaye subira yake ililipwa kwa njaa ya watoto wake, nami nikarudi ndani kula chakula changu. Neno nililomwambia lilikuwa la kweli, lakini nilimtwisha peke yake.

Tangu siku hiyo nimeisoma upya ile safari ya Mtume Paulo katika Matendo sura ya 27. Majira ya kusafiri yalikuwa yamekwisha, na merikebu ilikuwa katika Bandari Nzuri, kule Krete. Paulo aliwashauri wangoje hapo. Yule akida akamwamini nahodha na mwenye merikebu, na wengi wakakubali kuondoka. Kilichowadanganya ni upepo mwanana wa kusini uliovuma kwa muda mfupi tu. Kisha dhoruba ikawashukia, wakavunjikiwa merikebu kisiwani Melita. Nimepata humo mambo matatu.

La kwanza, upepo mzuri wa siku moja si majira. Hata katikati ya kusi huja asubuhi tulivu ambayo humwita mtu baharini. Kadhalika katika taabu zetu hutokea njia ya mkato inayoonekana shwari, kama mkopo wa riba kubwa, au kazi ya ng'ambo isiyo na maelezo. Wazee walisema, kawia ufike.

La pili, kungoja ni kazi. Nenda pwani wakati wa kusi umwangalie mvuvi aliye mwerevu. Anatia kalafati penye nyufa, anashona tanga, anatengeneza nyavu jicho kwa jicho. Kaskazi ikifika na mashua inavuja, itampita. Nawe uliye katika majira ya kijivu, labda ya ugonjwa, ya kukosa kazi, au ya msiba, usidhani siku hizi ni bure. Uliza ni ufa gani unaoweza kuuziba leo, hata kama ni mmoja.

La tatu, na hili ndilo lililonipata mimi: kungoja si kazi ya mtu mmoja. Katika merikebu ile walikuwamo watu 276. Paulo aliyekuwa amewaonya hakukaa pembeni akisema, “Niliwaambia.” Alipoona wamekaa siku nyingi bila kula, aliwasihi wale, akautwaa mkate, akamshukuru Mungu mbele yao wote, akaanza kula. Kisha kule Melita wenyeji waliwawashia moto kwa sababu ya mvua na baridi. Miezi mitatu walingoja hapo mpaka majira yakafunguka, wakasafiri kwa merikebu nyingine. Hawakuweza kungoja bila mkate, wala bila moto wa jirani.

Yule mzee alipopona alikuja kwenye baraza la kanisa na shauri lake mwenyewe. Alisema kaskazi inapokuja na nguru na jodari wakapatikana, kila mvuvi aweke kando sehemu ndogo ya mauzo yake, na sisi wenye mishahara tuweke pia. Kusi ikianza, fedha hizo zinunue unga na kulipa karo, ili asiwepo mtu wa kusukumwa baharini na njaa. Yusufu alifanya hivyo kule Misri kwa nafaka. Kikundi chetu ni kidogo, na kuna miaka fedha zimekwisha kabla ya Agosti. Lakini majirani zetu Waislamu wa pwani ile ile wameingia pamoja nasi, maana kusi haimwulizi mtu dini yake. Na mimi sasa, mtu akija mlangoni kwangu mwezi wa Julai, kwanza namwuliza wamekula nini. Maombi yanafuata, na hayajapungua nguvu kwa kungoja kidogo.

Wapendwa, katika Mwanzo sura ya 8 Mungu alisema moyoni mwake kwamba majira hayatakoma kupokezana maadamu dunia ipo. Kusi itachoka. Mwani utapungua ufuoni, maji yataanza kung'aa, na maembe ya kwanza yatafika sokoni. Asubuhi moja mvuvi atatoka nje, atahisi upepo shavuni, naye atajua bila kuambiwa. Kabla ya siku hiyo, tazama kando yako. Kuna mtu anayengoja jambo lile lile unalolingoja, lakini chungu chake ni kitupu. Usimpelekee methali mikono mitupu.

Na tuombe. Ee Mungu, uliyeweka mipaka ya bahari na zamu za pepo, utupe moyo wa kungoja bila kukata tamaa, na macho ya kumwona anayengoja kwa njaa. Walinde walio baharini usiku huu, uwarudishe kwao salama. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.