Je, Wajua? Stika Ndogo, Kosa Kubwa

Kutoka Nyakisasa, wilayani Ngara, hadi Kariakoo, Dar es Salaam, ni zaidi ya kilomita 1,000, lakini sheria inayomlinda mwanamuziki ni moja kote Tanzania Bara.

Je, wajua…

• Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999 ilipotungwa, iliweka adhabu ya faini isiyozidi shilingi milioni 5, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili, kwa anayefanya biashara ya kazi za wizi? Akirudia, ikawa hadi milioni 10 au miaka 5.

• Kanuni za mwaka 2006 zilileta hakigramu, stika ya COSOTA, chombo cha hakimiliki cha Tanzania Bara, ya kubandikwa kwenye kanda na CD? Lengo lilikuwa mnunuzi atambue kazi halali kwa macho. Mwaka 2013, kazi za muziki na filamu zikaanza kuhitaji pia stempu ya kodi ya TRA, mamlaka ya mapato.

• Kujinakilia wimbo usikilize mwenyewe nyumbani si sawa na kuuuza? Anayewajazia wateja nyimbo kwenye flashi na memori kadi kwa malipo, bila idhini, anafanya biashara kwa jasho la mwingine.

• Alama ya herufi P ndani ya duara, ionekanayo kwenye makasha ya santuri na CD, inatokana na mikataba ya kimataifa ya kulinda kazi zilizorekodiwa? Huandamana na mwaka kazi ilipotolewa na jina la mwenye haki.

• Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki, ya mwaka 2003, na chombo chake, COSOZA?

• Ngoma za asili nazo zinalindwa? Anayetaka kurekodi nyimbo za jadi za Wahangaza au Washubi wa Ngara na kuziuza nje ya mazingira yake ya kimila anahitaji idhini ya Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA. Tena sheria inataka chanzo kitajwe: jamii au mahali zilikotoka.

Hilo la mwisho ndilo linalotuhusu zaidi. Wimbo ulioimbwa na bibi zetu kwenye harusi hauna stika wala kasha, lakini una kwao. Anayeupeleka sokoni na aandike kwao ni wapi. Mnunuzi naye, kabla ya kutoa pesa, aligeuze kasha asome jina la mwenye kazi. Mwizi huanza kwa kulifuta jina hilo.