Karate Si Ugomvi

Watu wengi wamesikia neno karate. Vijana wameiona katika filamu, na siku hizi wanaitazama hata katika simu. Wanaona mtu mmoja akiwaangusha watu kumi. Kisha wanatoka nje na kujaribu. Je, hiyo ndiyo karate?

Swali hili liliulizwa katika darasa letu hapa Zagayu. Mama mmoja alisimama akasema, "Mwalimu, mwanangu amemvunja mwenzake mkono kule lamboni. Anasema walikuwa wanacheza karate. Huo ni mchezo gani?" Ulikuwa msimu wa kuchuma pamba. Kijana aliyeumia hakuweza kuchuma hata kilo moja.

Ndugu msomaji, swali la mama yule linahitaji jibu. Hebu tulitafute pamoja.

Karate ilitoka wapi?

Karate ilitoka Okinawa, kisiwa kilicho kusini mwa Japani. Maana ya neno hili ni mkono mtupu. Mtu wa karate hujilinda bila fimbo, panga wala mkuki. Mwaka 1922 mwalimu Gichin Funakoshi alitoka Okinawa akaenda Tokyo kuonyesha mchezo huu. Kutoka huko ukaenea.

Mwalimu mwingine wa Okinawa aliitwa Chojun Miyagi. Mtindo wake unaitwa Goju-ryu. "Go" ni ugumu, na "ju" ni ulaini. Tazama mtama shambani. Upepo ukivuma, shina hupinda, kisha husimama tena. Mzizi ni imara, lakini shina linakubali kupinda. Mtu wa Goju-ryu hufundishwa kuwa hivyo.

Mtindo huu ulifundishwa Dar es Salaam, pale Zanaki, katika miaka ya 1970. Mwalimu wake alikuwa Mmarekani mweusi, Nantambu Camara Bomani. Watanzania wengi walijifunza karate kutoka kwake na kwa wanafunzi wake.

Karate ya mapigo kamili

Katika mitindo mingi ya karate, wachezaji wakishindana huzuia ngumi kabla haijaumiza. Lakini upo mtindo ambao watu hupigana kwa nguvu zote. Unaitwa Kyokushin. Aliyeuanzisha ni Masutatsu Oyama. Alizaliwa Korea mwaka 1923, akahamia Japani, na alifariki mwaka 1994. Yeye pia alijifunza Goju-ryu.

Oyama alikwenda kuishi mlimani ili afanye mazoezi. Inasimuliwa kwamba alinyoa nyusi za jicho moja. Kwa nini? Ili aone haya kurudi mjini kabla ya wakati. Alijua kwamba adui wa kwanza wa mwanafunzi ni moyo wake mwenyewe unaotaka kukimbia kazi.

Mashindano ya kwanza ya dunia ya Kyokushin yalifanyika Tokyo mwaka 1975. Wachezaji wazima hawavai glavu. Lakini wana sheria kali. Ni mwiko kumpiga mtu ngumi ya uso. Ni mwiko kumpiga sehemu za siri. Yupo mwamuzi wa kusimamisha pigano. Kwa hiyo, hata mahali watu wanapopigana kweli, hawapigani ovyo.

Mazoezi na nidhamu

Mwanafunzi wa karate haanzi kwa kupigana. Kwanza hujifunza kusimama, kupumua, na kurudia pigo moja mara nyingi. Katika Goju-ryu hushika mitungi kwa vidole, na mitungi huongezwa mchanga. Hivyo vidole hupata nguvu polepole. Mkulima analijua jambo hili. Pamba haikomai siku ilipopandwa.

Nidhamu nyingine ni hizi:

1. Mwanafunzi huinama kwa heshima anapoingia mahali pa mazoezi na anapotoka.

2. Kabla ya pambano humwinamia mwenzake. Baada ya pambano humwinamia tena. Mwenzake si adui, ni mtu anayemsaidia kujifunza.

3. Wanafunzi husafisha wenyewe mahali pa mazoezi.

4. Mkanda mweupe ni wa anayeanza. Mkanda mweusi huja baada ya miaka ya kazi.

Kwa nini basi wakubali kupigwa? Anayepigwa hujifunza kwamba maumivu yanavumilika. Hujifunza kutopoteza akili kwa hofu wala kwa hasira. Tena, anayejua uzito wa pigo hana haraka ya kumpiga mtu. Asiyeujua ndiye anayerusha teke kwa mzaha.

Tufanye nini kijijini?

Mchezo huu una hatari. Kichwa kikipigwa sana, ubongo unaweza kuumia. Mchezaji akizimia au akitapika baada ya kupigwa kichwani, apelekwe zahanati mara moja.

Kijana akitaka kujifunza, mzazi asikatae tu, wala asikubali tu. Aulize kwanza. Mwalimu alijifunza wapi? Je, huwatenga watoto na watu wazima? Je, watoto huvaa vifaa vya kujikinga? Je, humrudi mwanafunzi anayegombana njiani? Mahali pasipo na mwalimu, vijana wakimbie, warushe mikono hewani, wajenge miili yao. Wasipigane.

Na yule kijana wa lamboni? Wazee waliwaita wazazi wa pande zote mbili. Waliamua kwamba kijana achume pamba ya mwenzake mpaka iishe. Alichuma wiki nzima, kuanzia asubuhi. Hakuna aliyemsimamia. Mama yake aliniambia, "Mwalimu, sasa ndipo ameanza karate." Nadhani alisema kweli.

Maswali ya kujadili

1. Maana ya neno karate ni nini?

2. Kwa nini Oyama alinyoa nyusi za jicho moja?

3. Taja mambo mawili ambayo ni mwiko katika Kyokushin.

4. Katika kijiji chenu, vijana hujifunza nidhamu kwa njia zipi?