Je, Wajua? Maneno ya Dalali, Kuanzia Kitangili Hadi Nyankumbu

Je, wajua kwamba kiwanja cha "ishirini kwa ishirini" kinaweza kupungua karibu nusu bila mtu yeyote kusema uongo? Mita 20 kwa 20 ni mita za mraba 400. Hatua 20 kwa 20, kila hatua ikiwa sentimita 75, ni mita za mraba 225 tu. Mita za mraba 175 zimeyeyuka! Ukipelekwa kuangalia kiwanja Kitangili, Shinyanga mjini, au Nyankumbu kule Geita, nenda na futi kamba.

Tukiwa bado kwenye vipimo: "dakika tano tu kutoka lami." Dakika tano kwa usafiri gani? Bodaboda ikienda kilomita 40 kwa saa, dakika 5 ni kilomita 3 na ushee. Kwa miguu, mwenzangu, hapo unazungumzia dakika 40, tena hujabeba ndoo wala mtoto mgongoni.

Wajua nani anauza ardhi Tanzania? Hakuna! Ardhi yote ni mali ya umma chini ya Rais kama mdhamini. Ndivyo inavyosema Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999. Unachonunua ni haki ya kuitumia, na hati hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99. Dalali akikutamkia "ina hati" kwa sauti ya ushindi, muulize palepale: imebakiza miaka mingapi?

Sogea, hii ndiyo tamu kuliko zote. Tuseme mzee mmoja wa Nyasubi, Kahama, anamwambia dalali, "Mimi nataka milioni 30 yangu, mengine utajua mwenyewe." Wewe unatajiwa 36. Hizo 6 zinaitwa cha juu, na dalali mkali anaweza kuzibeba zote na bado akadai asilimia yake kwa mzee. Sasa angalia siku ya kukutana: dalali anakaa katikati yenu, anajibu maswali kabla mzee hajafungua mdomo, na ukiomba namba ya simu ya mzee anakwambia simu yake imeharibika. Je, mngepewa dakika mbili peke yenu, wewe na mzee? Milioni 6 zingekuwa zimepata nafasi ya kupumua!

Tena dalali mara nyingi si mmoja. Aliyeweka picha kwenye kundi la WhatsApp kaipata kwa mwenzake, mwenzake kaipata kwa yule wa kijiwe cha bodaboda, na yule wa kijiwe ndiye pekee aliyewahi kuiona nyumba yenyewe. Wote wanakula kwenye bei hiyohiyo, nawe ndiye mlipaji.

Kenya ina sheria ya mawakala wa nyumba tangu 1984, yenye bodi ya kuwasajili. Kwetu Bara tumekaa miaka na miaka bila sheria mahususi ya madalali wa nyumba: mtu anaandika namba yake ya simu kwenye kibao, anakitundika mtini, na ifikapo saa nne asubuhi ni dalali kamili.

Unadhani malalamiko ya kamisheni ni ya Kahama peke yake? Mwaka 2024 chama cha taifa cha mawakala wa nyumba Marekani kilikubali kulipa dola milioni 418 kumaliza kesi za wauzaji waliochoka kumlipa hadi wakala wa mnunuzi. Milioni 418! Za dola!

"Umeme upo jirani." Jirani ana bei yake, ndugu yangu. Januari 2022 gharama ya kuunganishiwa umeme mjini ilipanda kutoka shilingi 27,000 hadi 320,960, karibu mara 12. Na hiyo ilikuwa ya nyumba isiyohitaji hata nguzo moja.

"Maji ya ziwa yapo." Hii nayo inashangaza, maana Shinyanga na Kahama hazipakani na ziwa kabisa. Maji yanavutwa kwa bomba kutoka Ihelele, wilayani Misungwi, mradi uliozinduliwa mwaka 2009. Usiishie kuitazama koki ilivyong'arishwa, ifungulie.

Wajua kwa nini pagale linauzika vizuri Agosti kuliko Machi? Sehemu kubwa ya mabonde ya Shinyanga ina udongo mweusi, ule Wasukuma wanaouita mbuga, tofauti na luseni, udongo wa kichanga wa juu kidogo. Ule mweusi ukinywa maji unavimba, ukikauka unapasuka, na nyufa zake zaweza kushuka zaidi ya nusu mita. Kiangazi unakanyaga pagumu kabisa, dalali anapiga kisigino chini kukuonyesha. Mvua zikija, ardhi inasukuma msingi juu, na ukuta uliofika lenta bila dosari unachora ufa kuanzia kona ya dirisha. Kwa hiyo ukikuta rangi mbichi ukutani wiki ileile nyumba inapotangazwa, nenda moja kwa moja kwenye kona za madirisha. Zipapase kwa vidole.

Na hii je? Dalali wa Geita anakunong'oneza kwamba kiwanja "kina mawe," yaani huenda kuna dhahabu chini. Hata ikiwemo, siyo yako! Madini yote ni mali ya nchi, na kuyachimba kunahitaji leseni yake. Hati ya kiwanja inakupa pa kujenga na kuishi, basi.

Leseni ya mgodi wa dhahabu wa Geita, GGM, peke yake ina ukubwa wa kilomita za mraba 196 hivi. Ni mji mzima na vijiji vyake! Zipo nyumba za watu ndani ya vigingi vyake, na mgogoro wa vigingi hivyo umewanyima wengi usingizi. Kabla hujapenda marumaru za sebuleni, uliza nyumba iko upande gani wa kigingi.

Mkoani Mara kuna nyumba zilizojengwa bila nia ya kulala mtu. Nyamongo, kando ya mgodi wa North Mara, wanaziita tegesha: kuta na bati vinasimamishwa harakaharaka ili mthamini akipita zihesabiwe kwenye fidia. Nyumba inayomngoja mthamini, si mpangaji!

Mwadui nayo isisahaulike. Mwamba wa almasi alioufikia Dk. John Williamson, mjiolojia kutoka Kanada, mwaka 1940 una ukubwa wa hekta 146. Ungeukatakata viwanja vya mita 20 kwa 20 ungepata 3,650. Hata dalali hodari angechoka kuvitembeza.

Wajua kwamba bei ya uongo kwenye mkataba inamrudi mnunuzi? Dalali anashauri, "Tuandike 20, kodi ipungue," ingawa umetoa milioni 40. Miaka inapita, unauza kwa 45. Kodi kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida. Karatasi inasema umepata faida ya milioni 25, siyo 5, kwa hiyo badala ya laki 5 unadaiwa milioni 2 na nusu. Ushauri ulikuwa wa bure. Bili ni yako.

Baba akiuza nyumba ya familia peke yake, je? Sheria ya Ndoa ya 1971 inamkatalia. Nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi, hata kama jina kwenye hati ni moja. Dalali akisema "mama amesafiri, lakini hana neno," subiri mama arudi.

"Mwanza sasa ni hapo tu," watakwambia Geita, na hapo wana haki kabisa! Daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 juu ya maji, lilizinduliwa Juni 19, 2025. Ile foleni ya kivuko imegeuka mwendo wa dakika chache kwenye gari.

"Karibu na mgodi" nako kuna hesabu yake. Buzwagi, pale Kahama, ulifunguliwa 2009 na uzalishaji ukakoma 2021: miaka 12, wakati hati fupi katika zile tatu ni ya miaka 33. Mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa 1966, mpya ukafunguliwa 2000. Mji ulingoja miaka 34.

Na yale maandishi mekundu ukutani, "Nyumba hii haiuzwi, ogopa matapeli"? Mara nyingi huandikwa na ndugu mmoja kumzuia ndugu mwingine, si mgeni wa mbali. Kwa hiyo ukifika kuangalia nyumba ukaona kipande kimoja cha ukuta kimepakwa rangi upya, upande wa barabarani, usawa wa macho, sogea karibu ujaribu kusoma kilichoko chini yake.